Kinanda cha kwanza cha mtoto: nunua funguo, usinunue taa



Leo naanza na barua ya mama mmoja wa Isevya, Tabora mjini. Binti yake ana miaka 10 na anaimba kwaya ya watoto. Mwalimu wa kwaya amemwambia mama kwamba mtoto ana sikio, na ameanza kumwelekeza kwenye kinanda cha kanisa. Tatizo ni kwamba kinanda ni kimoja na watoto wanaokisubiri ni saba. Jumamosi ikiisha, kila mmoja amekaa dakika kumi tu. Mama ana akiba kidogo aliyoiweka baada ya mauzo ya tumbaku. Baba wa mtoto anasema fedha hiyo ni ya ada ya Januari, na kinanda ni mchezo. Mama anauliza mambo mawili: je, baba ana haki? Na kama watanunua, wanunue kipi?

Maswali ya namna hii nimeyapata pia kutoka Urambo, Nzega na Kigoma. Wengine watoto wao wanataka kupiga nyimbo za kwaya, wengine taarabu, wengine wameona video kwenye simu. Kwa hiyo leo tulizungumze kwa upana, kila mzazi achukue linalomfaa.

Baba ana hoja, tusimcheke

Ada kwanza. Kama kununua kinanda kutamfanya mtoto arudishwe nyumbani Februari, kinanda kisubiri. Na baba anaposema ni mchezo, mara nyingi anakumbuka kile kinanda kidogo chenye taa nyekundu na kijani alichowahi kununua dukani, kikadumu wiki mbili, sasa kipo juu ya kabati kimejaa vumbi.

Lakini hapo ndipo penye jambo zito. Mtoto akipewa kinanda kibovu, akashindwa, nyumba nzima husema, "Huyu hana kipaji." Kosa la kifaa anabebeshwa mtoto. Nimeona watoto waliobeba neno hilo mpaka utu uzima, kumbe hawakuwahi kugusa kifaa ambacho hata mpigaji hodari angekiweza.

Kwa hiyo kabla ya kununua, fanya jaribio la miezi mitatu. Mwombe mwalimu wa kwaya au kiongozi wa kanisa ampe mtoto nafasi mbili kwa wiki, hata kama ni za nusu saa, siku ambazo hakuna mazoezi. Nyumbani, mchoree funguo kwenye boksi la kadibodi, zikiwa na ukubwa ule ule wa kinanda halisi, ajifunze kuweka vidole na kutaja majina. Usimsukume. Akienda mwenyewe kwa miezi mitatu bila kukumbushwa kila mara, hata baba ataona. Asipoenda, mmeokoa fedha, na hakuna aliyeaibika.

Funguo kwanza, mengine baadaye

Muuzaji atakuonyesha taa, midundo na idadi ya sauti. Atakwambia hiki kina sauti 400, hiki 600. Mtoto anayeanza atatumia sauti mbili au tatu. Wewe angalia funguo, tena kwa mikono yako. Angalia mambo manne.

La kwanza ni upana. Beba rula ya shule. Ipime kwenye funguo saba nyeupe zilizofuatana. Zinapaswa kuchukua kama sentimita 16 na nusu. Zikiwa finyu kuliko hapo, hicho ni kinanda cha kuchezea. Mtoto akizoea funguo finyu, siku akikaa kwenye kinanda cha kanisa vidole vyake vitapotea njia.

La pili ni kutambua nguvu ya kidole. Chagua sauti ya piano, bonyeza ufunguo mmoja polepole, kisha ubonyeze kwa nguvu. Sauti ikibadilika, ya kwanza ndogo na ya pili kubwa, hapo pana kinanda cha kujifunzia. Isipobadilika, mwombe muuzaji ahakikishe mpangilio huo haujazimwa. Kama haumo kabisa, kiache ukiweza. Mtoto hataweza kujifunza kunong'ona na kupaza kwa vidole, na muziki bila hilo ni kama kusoma habari bila kituo wala mkato. Ndani ya funguo kuna vihisio viwili, na kifaa hupima muda unaopita kati ya cha kwanza na cha pili. Kidole kikienda haraka muda huwa mfupi, na sauti huwa kubwa.

La tatu ni uzito. Piano halisi ina nyundo ndani, na kidole huinua nyundo hiyo. Piano za kidijitali zenye funguo nzito huigiza uzito huo. Vinanda vya kawaida vina funguo nyepesi zinazorudishwa na springi. Nyepesi si mbaya kwa anayeanza. Tutalizungumza hapa chini.

La nne ni uzima. Bonyeza kila ufunguo, mmoja mmoja, kuanzia kushoto hadi kulia, mweupe na mweusi. Usione haya dukani. Fedha ni yako. Ufunguo unaogoma, unaochelewa kurudi au unaopiga kelele ya plastiki utaona tofauti yake siku hiyo hiyo, si baada ya kufika Tabora.

Funguo 61 au 88?

Piano kamili ina funguo 88: nyeupe 52 na nyeusi 36. Vinanda vingi vya bei nafuu vina 61. Kwa nyimbo za kwaya, taarabu na muziki wa bendi, 61 zinatosha kwa miaka kadhaa. Kwa anayelenga mitihani ya piano au muziki wa piano wa Ulaya, 88 zenye uzito ndizo zinazotakiwa mwishoni.

Tofauti ya bei ni kubwa. Piano ya kidijitali ya funguo 88 zenye uzito, hata ile ya chini kabisa, huweza kufika mara tatu ya bei ya kinanda cha funguo 61. Bei hupanda na kushuka pamoja na dola, kwa hiyo siwezi kukutajia shilingi leo zikawa kweli mwezi ujao. Uliza maduka matatu kabla ya kuamua.

Kukusaidia kuuliza, nitaje mifano. Casio CT-S200 ina funguo 61 na sauti 400, lakini funguo zake hazitambui nguvu ya kidole. Ndugu yake CT-S300 zinatambua. Vivyo hivyo Yamaha PSR-E273 hazitambui, na PSR-E373 zinatambua. Ukitazama kwa haraka utadhani ni kitu kimoja, na muuzaji asiye makini anaweza kukupa kimoja kwa bei ya kingine. Soma namba iliyoandikwa kwenye kifaa chenyewe, si kwenye boksi tu. Katikati kuna Yamaha NP-32, yenye funguo 76, kilo zisizofika 6, na haina midundo mingi ya kumvuruga mtoto. Kwa funguo 88 zenye uzito kuna Yamaha P-45, Roland FP-10 na Casio CDP-S110, zote kati ya kilo 10 na 13. Matoleo mapya hutoka kila baada ya miaka michache, hivyo kumbuka tabia za kifaa kuliko namba zake.

Ushauri wangu kwa mama wa Isevya ni huu: funguo 61 za upana kamili zinazotambua nguvu ya kidole. Akifika mahali funguo hizo zinambana, atakuwa amethibitisha kwamba anastahili hatua inayofuata, na cha kwanza kitauzika au kitarithiwa na mdogo wake.

Kuna wazazi wanaoniuliza kuhusu piano ya mbao ya zamani. Ni nzuri, lakini nyuzi zake hulegea na kukaza kadiri hewa inavyobadilika, na kule kwetu kiangazi ni kikavu sana kisha masika yanakuja na unyevu. Inahitaji fundi wa kuilinganisha mara kwa mara, na fundi huyo kumpata magharibi ni kazi. Ya kidijitali hailegei.

Umeme wetu na hila zake

Umeme wa Tanzania ni volti 230. Vifaa vingi vya mtumba kutoka Japani vimetengenezwa kwa volti 100, na vya Marekani kwa 120. Ukichomeka adapta yake moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, inaungua, na pengine kinanda nacho. Kabla ya kulipa, geuza adapta usome maandishi. Ikiandikwa "100-240V" ni salama. Ikiandikwa "100V" peke yake, hesabu na gharama ya adapta nyingine.

Adapta za vinanda hazifanani. Vinanda vingi vya Yamaha vya nyumbani hutumia volti 12, na hizo Casio ndogo nilizotaja hutumia 9.5. Tazama pia mchoro mdogo unaoonyesha chanya iko ndani au nje ya ncha. Usikubali neno "hii inaingia tu." Kuingia si kufaa.

Umeme ukikatika je? Vinanda vidogo nilivyovitaja vya funguo 61, na hata NP-32, hutumia pia betri sita ndogo, zile za rimoti zenye unene wa kidole. Hii ni faida kubwa kwa nyumba ambazo umeme unakuja na kuondoka. Betri za kuchaji zitakupunguzia gharama. Wenye sola, tafadhali msiunganishe kinanda cha volti 12 moja kwa moja kwenye betri ya sola. Betri hiyo ikiwa inachajiwa hupanda mpaka volti 14 na zaidi. Mwite fundi aweke kidhibiti.

Na wakati wa mvua, radi ikianza kuunguruma, chomoa kwenye soketi. Kuzima kwa kitufe hakutoshi.

Kipya, cha mtumba, au cha jirani

Kipya kina dhamana, lakini dhamana ni ya yule atakayekuandikia risiti. Dai risiti yenye namba ya kifaa, na uulize: kikiharibika nakirudisha kwako, au nahangaika mwenyewe? Kama duka liko Kariakoo na wewe uko Tabora, jibu hilo lina uzito.

Cha mtumba kinaweza kuwa bora kuliko kipya cha bei ile ile, ukikijaribu mwenyewe au ukimtuma anayejua. Mwombe mpiga kinanda wa kanisa lenu, au ndugu yake aliyeko Dar es Salaam, akijaribu na akupigie simu ya video ukisikiliza. Mlipe nauli na soda. Ni nafuu kuliko kununua kopo. Usitume fedha kwa mtu usiyemjua kwa sababu ya picha nzuri. Zingatia mambo matatu: kila ufunguo unalia, kitufe cha sauti hakikoromi kikizungushwa, na mfuniko wa betri ukifunguliwa hakuna kutu ya kijani wala mende.

Vifaa vya pembeni navyo vina gharama. Weka kando kama robo ya bajeti yako kwa ajili ya stendi, kiti, pedali na spika za masikioni. Hakikisha kinanda kina tundu la pedali, na fahamu kwamba vingine vina tundu nene la spika za masikioni, milimita 6.3, wakati za simu ni 3.5. Kigeuzi chake si ghali, ila ukikisahau, jioni ya kwanza nyumba nzima itasikiliza "do re mi" mpaka saa nne. Spika hizo mtoto asizifungulie sana. Ukiisikia sauti ukiwa umesimama kando yake, imezidi.

Kukisafirisha na kukiweka

Watu wa Unyanyembe hawajifunzi leo kusafirisha mizigo. Karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, kwa miguu kati ya Tabora na Bagamoyo, na wengine wakaendelea mpaka Ujiji. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 ikampumzisha. Kinanda cha funguo 61 ni kilo 3 hadi 5 tu, na hicho cha 88 hakifiki hata frasila moja. Lakini pembe ya ndovu ilivumilia kudondoshwa, kinanda hakivumilii. Kisafiri ndani ya boksi lake, funguo zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa laini, kikiwa kimelala, na bila gunia la mchele juu yake. Ukituma kwa basi, andika boksi pande zote na mwombe ndugu akipokee stendi siku hiyo hiyo.

Nyumbani, pima nafasi kwanza. Cha 61 kina urefu wa kama sentimita 95; cha 88 ni mita 1.3 hivi. Usikiweke juu ya meza ya chakula, kwa sababu meza pamoja na kinanda vinamfanya mtoto anyanyue mabega, na mabega yakichoka, mtoto anaacha. Kama stendi ya dukani ni ghali, nenda kwa fundi seremala. Mkoa wetu una mninga. Mwambie atengeneze meza ndogo imara, ambayo kinanda kikiwekwa juu yake, sehemu ya juu ya funguo iwe sentimita 70 hadi 74 kutoka sakafuni. Kiti kisiwe na mikono, na viwiko vya mtoto viwe sawa na funguo. Miguu ikining'inia, weka kigoda chini.

Vumbi la kiangazi ni adui. Akimaliza kupiga, kanga iliyokunjwa inatosha kukifunika. Asile miwa wala maembe akiwa hapo. Sukari huita sisimizi, na sisimizi wakiingia kwenye saketi, fundi redio atakuwa rafiki yako wa kila mwezi.

Nani atamfundisha

Kinanda bila mwalimu ni samani. Lakini magharibi hatuna upungufu mkubwa kama tunavyodhani. Kwaya za Kikatoliki za Jimbo Kuu la Tabora na za Kanisa la Moravian, ambalo lilipokea misheni ya Urambo mwaka 1898, zina wapigaji wanaosoma nota na wanaojua solfa. Mji uliotoa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz haukuwahi kukosa masikio. Mtafute mmoja, mkubaliane malipo ya saa moja kwa wiki, hata kama ni kidogo, na yalipwe kwa wakati. Kazi ya bure huisha haraka.

Mwambie mwalimu mambo mawili. Moja, mtoto ajifunze solfa na nota pamoja, ili aweze kupakua nyimbo za kwaya zilizoandikwa, kama zile za tovuti ya Swahili Music Notes, na kuzisoma mwenyewe. Pili, kitufe cha transpozi kifungiwe mwaka wa kwanza. Kitufe hicho huhamisha do bila mpigaji kubadili vidole. Wapo wapigaji wazuri waliokaa miaka kumi wakipiga kwa vidole vya C tu. Siku wakikuta piano isiyo na kitufe hicho, wanakaa pembeni.

Nyumbani, dakika 15 au 20 kila siku zinashinda saa mbili za Jumapili. Na wewe mzazi, usiyejua hata do iko wapi, kazi yako ni moja: kaa karibu mara moja kwa wiki umsikilize akipiga wimbo mmoja mpaka mwisho, bila kushika simu.

Akikua akataka kuendelea, njia ipo. Barabara ya zamani ya misafara inaishia Bagamoyo, na huko kipo Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo kinaitwa TaSUBa. Kule Arusha, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinafundisha muziki. Hayo ni ya mbele. Usimnunulie mtoto wa miaka 10 ajira. Mnunulie kitu cha kujifunzia.

Ya kubeba dukani

Piga picha ya orodha hii kwa simu yako:

1. Rula: funguo saba nyeupe ni kama sentimita 16 na nusu.
2. Bonyeza polepole, bonyeza kwa nguvu: sauti ibadilike.
3. Bonyeza funguo zote, moja moja.
4. Soma namba ya kifaa chenyewe na volti za adapta.
5. Uliza kama kinatumia betri.
6. Tafuta tundu la pedali na la spika za masikioni.
7. Chukua risiti, na jina la atakayekipokea kikiharibika.
8. Kumbuka stendi na kiti kabla ya kumaliza fedha.

Na kwa baba wa Isevya, ambaye najua ukurasa huu atausoma ingawa atasema hausomi: kaeni wote wawili mezani, muandike ada ya Januari kwenye karatasi, muitoe kwenye akiba kwanza. Kitakachobaki ndicho cha kinanda. Kikitosha, mnunulieni baada ya ile miezi mitatu. Kisipotosha, mwambieni mtoto ukweli, mwonyesheni karatasi, na mwekeni mwezi wa kurudi kulizungumza. Mtoto wa miaka 10 huelewa hesabu iliyo wazi kuliko ahadi ya "tutaona."

Wiki ijayo tutazungumzia mtoto anayelala na simu chini ya mto. Mkae salama.